Namba Tisa na Mlango wa Kijani

Mwanzoni mwa barabara ya ufukweni, pale magari ya wageni yanapogeuzia, pana ubao wa bati uliopakwa buluu, na juu yake pameandikwa kwa herufi nyeupe: MAMBO YA KUONA NA KUFANYA. Chini ya maandishi hayo yamepangwa mambo yenyewe, kila moja na namba yake na kipicha chake. Moja ni gati la kutembelea. Mbili ni boti za kukanyaga, zile zenye shingo ya bata. Tatu ni mpiga picha. Nne ni aiskrimu. Tano ni farasi wa mbao wanaozunguka kwa muziki. Sita ni choo, na hapo wafanyakazi wa ufukweni hawaachi kucheka, maana wanasema cha kufanya kipo, cha kuona hakuna. Unaendelea hivyo hadi kumi na mbili. Tisa ni darubini.

Watu wa pale wana desturi yao. Mfanyakazi akishazoeleka, jina lake la nyumbani huachwa nyumbani, akaitwa kwa namba ya ubaoni. Ndiyo maana bwana huyu aliitwa Namba Tisa, au Tisa kwa kifupi, na nadhani hata msimamizi wake angeulizwa jina lake halisi angelazimika kufungua kabati la mafaili. Aliitunza darubini ile miaka thelathini na moja. Alianza akiwa kijana mwembamba wa kofia mpya, na wakati wa mambo haya alikuwa mtu wa mvi, tumbo kidogo, na magoti yanayolia akipanda ngazi.

Kazi yenyewe haikuwa ngumu, ila ilikuwa na adabu zake. Darubini ilisimama juu ya nguzo ya chuma mwisho wa ukuta wa ufukweni, imeelekea bahari kuu. Mgeni alinunua kibati, yaani kipande cha shaba chenye tundu katikati, akakitumbukiza mwenyewe kwenye mdomo wa mashine. Kibati kikianguka, ndani hufunguka kifuniko ambacho wenye kazi wanakiita kope, na mashine huanza kulia ti-ti-ti kama saa ya ukutani. Dakika mbili tu, kisha kope inafumba, na mgeni ama anarudi kununua kingine ama anakwenda zake kwa Namba Nne. Bila kibati, hata uwe na macho ya mwewe, utaona weusi mtupu.

Tisa aliuza kibati, akashusha au kupandisha nguzo kulingana na kimo cha mtu, akamwonyesha pa kuweka jicho, kisha akarudi hatua tatu na kumpa mgeni mgongo. Mgongo huo ndio uliokuwa adabu kuu. Mzee aliyemfundisha kazi alimwambia, "Mtu akitazama mbali, usimtazame yeye. Kila mtu ana lake analolitafuta kule." Tisa hakuwahi kuivunja sheria hiyo, wala hakuwahi kumtumbukizia mtu kibati. Kibati cha mgeni, mkono wa mgeni.

Sasa tuseme na ila yake, maana alikuwa nayo, na ndiyo iliyomponza. Alikuwa mtu wa kusema "msimu ukiisha". Wageni walipojaa hakukuwa na nafasi ya kujikuna, hilo kweli, na walipoondoka darubini ilifunguliwa skrubu ikapelekwa stoo kupakwa grisi na kulala hadi msimu mwingine. Katikati yake zilibaki siku nne au tano ambapo wageni wameshaondoka na fundi hajaja. Siku hizo ndizo Tisa alizozipangia maisha yake yote. Kutengeneza paa: msimu ukiisha. Kung'oa jino: msimu ukiisha. Namba Tano, yule mama wa farasi wa mbao, enzi za usichana wake alimsubiri misimu miwili mizima, halafu akaolewa na fundi bomba. Alikuwa bado akimtania mbele za watu, "Tisa, ningekungoja wewe, farasi hawa wangezaa." Tisa alicheka pamoja na wengine. Siku za katikati zilipofika alizimaliza kwa kulala.

Aliishi na mama yake. Au tuseme ukweli, aliishi kwa mama yake, kwa kuwa nyumba ilikuwa ya mama: vyumba viwili na kiua, katika mtaa wa nyuma ya mahoteli, mwendo wa dakika ishirini kutoka ufukweni. Mama alikuwa mshonaji wa hoteli kubwa. Mashuka yaliyochanika, foronya zilizoachia mshono, mapazia yaliyotobolewa na sigara, vyote vilipitia mikononi mwake. Chumba cha kushonea kilikuwa nyuma kabisa, karibu na mashine za kufulia, na dirisha lake lilitazama ukuta. Kwa miaka ishirini na sita aliingia kwa mlango wa nyuma na kutoka kwa mlango wa nyuma. Mambo ya kuona na kufanya aliyajua kwa kusimuliwa.

Msimuliaji wake alikuwa Tisa. Kila jioni wakikaa kula, mama aliuliza, "Haya baba, leo umeona nini?" Naye alimweleza: meli yenye mabomba matatu, nyangumi ambaye kumbe alikuwa gogo, bwana mnene aliyeomba aonyeshwe nchi yake. Alimweleza mashine inavyofanya kazi, kibati kinavyoanguka, kope inavyofunguka, na ule mlio. Alikuwa na ufundi wa kuiga mlio huo kwa ulimi, ti-ti-ti, na mama alicheka kila mara kama ndiyo kwanza anausikia. Mwisho wa yote mama aliuliza swali lake moja. "Na mlango je?"

Mlango alioulizia ulikuwa huko baharini. Mbali na pwani, juu ya mwamba, pana mnara wa taa wa kuongozea meli. Ukiutazama kwa macho matupu ni kama kipande cha chaki. Baba yake Tisa alikuwa mpaka rangi, na mwaka ambao Tisa alikuwa na umri wa miaka minane, baba alipelekwa na wenzake kuupaka mnara ule kuanzia juu hadi chini. Waliambiwa nyeupe tupu. Lakini baba alikuwa amebakiwa na nusu kopo la rangi ya kijani aliyopakia mlango wa nyumba yake mwenyewe, akaona haya kuitupa, akaupaka mlango wa mnara. Aliporudi alimwambia mkewe, "Mlango wetu na mlango wa mnara sasa ni ndugu. Kopo moja, brashi moja. Siku moja nitakupeleka ukamwone shemeji yako." Hakumpeleka. Kifua kilimwanza mwaka uliofuata na hakikumwachia.

Mlango wa nyumbani mama aliukataza kuguswa. Rangi ilibanduka, ikabaki mabaka, lakini kijani kilikuwa bado kijani. Kuhusu ule wa baharini, mtu wa pekee wa kumpa habari zake alikuwa mwanawe, na ni kweli kwamba kwa darubini mlango ulionekana vizuri, mdogo kama ukucha, na rangi yake ikiwa palepale. "Upo, Mama," Tisa alijibu kila jioni. "Kijani vilevile." Mama aliitikia kwa kichwa akaanza kukusanya vyombo. "Iko siku utanipeleka nikauone." Na Tisa alisema lile neno lake.

Ikatokea siku moja, msimu wake wa nne kazini, mama akaja mwenyewe. Ilikuwa mapumziko ya mchana. Alivua viatu vya kazini akavaa vya kutokea, lakini aproni yenye pini kifuani aliisahau. Ufukwe ulikuwa umefurika. Msimamizi amesimama pale pale, na nyuma yake wageni waliovaa wakapendeza. Tisa alimwona mama yake anakuja akitabasamu, ananyoosha mkono wa kumshika bega, na kitu kikamwingia ambacho mimi naweza kukiita aibu tu, sina jina lingine. Akasema kwa ile sauti aliyowawekea wageni, "Mama, foleni inaanzia kule nyuma."

Mama aliushusha mkono. "Samahani, kijana," alimjibu, akaenda nyuma ya foleni kama mtu asiyemjua. Alisimama juani pale, mbele yake watu kumi na mmoja, Tisa aliwahesabu. Walipobaki watatu, king'ora cha hoteli kililia kuashiria mwisho wa mapumziko, naye akatoka kwenye mstari na kwenda zake bila kugeuka. Jioni aliuliza kama kawaida, "Leo umeona nini, baba?" Hakulitaja, wala hakununa. Tisa alitafuta pa kuanzia kuomba radhi, akasema moyoni atafanya hivyo msimu ukiisha, na ndiyo hivyo ikapita miaka ishirini na saba.

Wahenga walisema chelewa chelewa utamkuta mwana si wako. Huyu bwana alichelewa akaukuta mlango si wa kijani. Asubuhi moja, misimu mitatu kabla ya mwisho wa habari hii, aliijaribu darubini kwa kibati cha majaribio kama alivyofanya kila siku, akaona vijana wenye mashine za kupulizia rangi wakiufanyia mnara ukarabati. Baada ya siku mbili waliondoka. Mnara uling'aa kama jino jipya, na mlango ulikuwa wa kijivu. Kijivu cha chuma, kile kinachopakwa kila kitu ambacho hakuna mtu wa kukipenda. Tisa aliondoa jicho, akalifuta, akatazama tena mpaka mashine ikanyamaza.

Jioni ile mama aliuliza, "Na mlango je?"

"Upo, Mama," alisema, na sauti haikumtetemeka hata kidogo. "Kijani vilevile."

Uongo una tabia ya mgeni asiyealikwa: ukila naye siku ya kwanza, kesho anajua ratiba ya chakula. Tangu hapo aliusema kila jioni, na kila alipousema ule "msimu ukiisha" ulipata sababu mpya. Zamani alimchelewesha mama kwa uvivu. Sasa alimchelewesha kwa hofu.

Halafu macho ya mama yakaanza kuondoka. Presha ya macho, daktari alisema, na la kushoto lilikuwa limeshaziba kabla hata hawajafika kwake. La kulia lilikuwa bado na uhai. Aliweza kutunga sindano akikaa dirishani mchana, na vya mbali aliviona vizuri kuliko vya karibu. Daktari alitoa dawa ya matone akasema itachelewesha, haitazuia. Mama alitoka pale ameshika mkono wa mwanawe, na njiani akasema kwa utulivu, kama mtu anayeagiza chumvi, "Baba, nipeleke nikauone mlango kabla hili halijamfuata mwenzake. Msimu huu. Sitaki kusikia neno lingine."

Hakuwa na pa kukimbilia. Msimu ulipoisha, siku ya pili tu ya zile siku za katikati, mama aliamka mapema, akapiga pasi gauni la rangi ya samli, akapaka mafuta miguuni, akasimama mlangoni tayari kabla Tisa hajafunga kamba za viatu. Walishuka taratibu. Tisa alikuwa amepanga kumwambia njiani. Alisema atamwambia wakifika kwenye kona ya duka la dawa. Kona ikapita. Akasema, basi, kwenye ubao.

Kwenye ubao mama alitaka asomewe vyote. Alipofika kwenye Sita alicheka hadi akaegemea nguzo. "Kumbe miaka yote mnafanya kazi kwenye kichekesho namna hii na mimi nashona mashuka!" Ufukwe ulikuwa mtupu, taka za msimu zimefagiliwa katika vilima vidogo, boti za bata zimefungwa kamba zinagongana. Namba Tano alikuwa akifuta farasi wake kwa mafuta. Alipomwona mama alitupa kitambaa, akampigia magoti na kumwamkia.

"Shikamoo, Mama! Hatimaye! Nilidhani huyu amekuchimbia ndani kama dhahabu."

"Marahaba, mwanangu. Amenileta kumwona shemeji yangu."

"Basi shemeji atangoja kidogo. Panda farasi kwanza."

Wakampandisha mama, wa miaka sabini na minne, juu ya farasi mweupe mwenye sikio moja, na Namba Tano akawasha muziki kwa ajili yake peke yake. Akazunguka. Kila alipopita mbele ya mwanawe alimpungia mkono, na ile sura aliyokuwa nayo mama, Tisa hakuwahi kuiona, kwa sababu hakuwahi kumpeleka mahali popote pa kumpa sura hiyo. Hili lilimchoma kuliko alivyotegemea. Miaka thelathini na moja, na farasi walikuwa hatua mia moja kutoka darubini.

Wakafika kwenye darubini. Alifungua kibanda, akachukua kibati kwenye kopo, akamshika mama kiwiko. Hakumwambia. Akashusha nguzo, maana mama alikuwa mfupi. Akaielekeza darubini kwenye mwamba kwa alama aliyoikwangua mwenyewe miaka mingi nyuma, asingeweza kukosea hata akifungwa kitambaa. "Weka jicho la kulia hapa, Mama. Shika hapa na hapa." Kisha miguu ikafanya ilivyozoea. Hatua tatu nyuma, akageuka, akampa mama yake mgongo.

Alisimama akitazama mahoteli yaliyofungwa madirisha, anangoja asikie "mbona kijivu?" Alikuwa ameshaandaa majibu matatu, yote ya kipumbavu. Upepo ulivuma. Mama alibaki ameinama.

Kisha akasema, "Naam. Nauona."

Tisa hakugeuka. "Unauona, Mama?"

"Nauona. Kijani vilevile. Baba yako hakuwa mwongo."

Walirudi nyumbani kwa mwendo ule ule wa taratibu. Tisa alihisi amesamehewa kitu ambacho hakukiomba, na papo hapo akajidharau. Alijiambia jicho la kulia nalo limechoka, haliwezi kutofautisha rangi, na pengine ni heri. Alipoingia chumbani kubadilisha nguo, kitu kilianguka kutoka mfuko wa suruali, kikabingirika hadi mguu wa kitanda. Kilikuwa kibati.

Alikaa kitandani suruali mkononi. Hakukitumbukiza. Tangu aanze kazi alikabidhi kibati na mgeni akatumbukiza mwenyewe. Safari hii hakumkabidhi, na hakutumbukiza. Kope ilikuwa imefumba muda wote. Mama yake, aliyemngoja shemeji yake kwa miaka arobaini na zaidi, aliinama mbele ya weusi mtupu, akasimama pale, halafu akasema anauona mlango.

Ilimjia kwamba mama ameudhani weusi ule ni wa jicho lake, akaficha ili asimhuzunishe. Dawa ilikuwa nyepesi. Angetoka chumbani sasa hivi aseme, "Mama, si jicho lako, ni usahaulifu wangu, twende tena kesho." Lakini wakirudi na kibati kikaanguka, mama angeona kijivu. Kumrudishia jicho lake kulimaanisha kumwonyesha uongo wa misimu mitatu. Alikaa pale akilipima jambo hilo mpaka akaitwa kula. Mezani mama aliuliza, "Leo umeona nini, baba?" wakacheka habari ya farasi wa sikio moja. Swali la mlango hakuliuliza. Wala kesho yake. Wala tena.

Baada ya siku tatu mama alichukua kikopo chake cha sindano na mkasi wa hotelini, akampelekea jirani wa mlango wa pili. "Havinifai tena," alisema. Tisa alikuwa akinywa chai, akasikia. Akajiambia atamwambia kesho. Siku iliyofuata fundi alikuja akafungua skrubu, darubini ikalala stoo, na mvua zikaanza. Zilipokatika jicho la kulia lilikuwa limefuata lile la kushoto.

Nisingependa kumtetea, na sidhani naye angependa. Alimwambia baada ya miezi saba, mchana wa siku ya mapumziko, mama amekaa barazani akichambua mchele kwa vidole. Alimwambia yote kwa mpigo, kibati, kope, rangi ya kijivu, vijana wa mashine za kupuliza. Alisema, "Weusi ule haukuwa jicho lako, Mama. Ulikuwa bado unaona. Nisamehe."

Mama alitoa punje ya jiwe akaiweka pembeni. "Najua, baba."

"Unajua nini?"

"Kwamba hukutia kibati. Miaka yote hiyo unaniigia ule mlio mezani. Ti-ti-ti. Niliweka jicho nikangoja nisikie mlio. Haukuja. Nikasikia viatu vyako vinarudi nyuma hatua tatu, kama ulivyoniambia mnafanya." Alichezesha mchele sinia nzima. "Nikasema, mwanangu ana kibati mkononi na hataki nione. Basi mlango haupo, au si wa kijani tena. Na yeye hawezi kunitamkia."

"Nilisahau, Mama. Haki ya Mungu, nilisahau! Kwa nini hukusema? Ningekitia!"

"Ungekitia, ningeona, na wewe ungesimama pale. Ulikuwa unatetemeka tangu kona ya duka la dawa, niliusikia mkono wako. Siku ile nyingine nilikwenda foleni nisikuaibishe. Ningekuaibisha uzeeni?"

Ilikuwa mara ya kwanza kuitaja foleni. Tisa alilia kama mtoto, kwa sauti, mbele ya wapita njia. Alirudia kuapa kwamba alisahau, kwamba haikuwa makusudi, kwamba mikono yake haijazoea kumtilia mtu kibati. Mama alimsikiliza hadi mwisho.

"Sawa, baba," alisema.

Aliisema kwa upole, kama vile anavyoambiwa mtoto anayedai hakugusa sukari na midomo yake myeupe. Na baya zaidi ni kwamba Tisa mwenyewe, alipojichunguza, hakuweza tena kuapa. Alisahau, ndiyo. Lakini mkono uliokuwa mfukoni ulikishika kile kibati. Alikumbuka ubaridi wake. Alikuwa amekipitisha kidole kwenye tundu muda wote mama alipoinama.

"Kijivu, umesema," mama alisema. "Basi nenda kanunue rangi ya kijivu uupake na huu wetu. Walikuwa ndugu, si vizuri mmoja kubadilika peke yake."

"Nitaupaka, Mama. Msimu uki..." Akajikatiza. Akainuka, akavaa viatu, akaenda dukani saa ileile.

Alikwangua mabaka ya kijani ya baba yake kwa msasa, vumbi likamwingia puani, akapaka mkono wa kwanza wa rangi, akangoja ukauke, akapaka wa pili. Mama alisogeza kiti karibu akawa anasikiliza brashi. Jua lilipopungua ukali alikuwa amemaliza. Alimshika mama mkono, akampeleka hatua mbili mbele ya mlango, mahali ambapo harufu ya rangi ilikuwa kali.

"Tayari?" mama aliuliza.

"Tayari, Mama."

"Rangi gani?"

"Kijivu. Kama ule wa mnara, Mama. Kijivu kabisa."

Mama aliuelekeza uso wake mlangoni, macho yote mawili wazi. Akanyoosha kidole, akagusa rangi mbichi, akakisugua kidole hicho kwa gumba. Tisa alimtazama. Safari hii hakugeuka, alimtazama usoni akingoja, maana alikuwa amesema kweli na alitaka aaminiwe kuliko alivyowahi kutaka kitu chochote.

"Sawa, baba," mama akasema, kwa sauti ileile.